Mama Manjano na Kitabu cha Muafaka

Kibanda cha ishara kilikaa juu ya ngazi kumi na saba, na Mama Manjano alizipanda kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa, magoti yakilalamika naye akiyatukana. Ndani mlikuwa na mikono tisa ya chuma ya kugeuzia reli, simu mbili, stuli moja, na dirisha alilolisugua kwa gazeti mpaka likang'aa kuliko kioo cha kinyozi. Uchafu hakuuvumilia, uwe wa kioo uwe wa maneno. Fundi aliyepanda na viatu vya grisi alishushwa akavivue chini, na aliyepanda na umbea alishushwa nao.

Simu zilikuwa mbili kwa sababu reli zilikuwa mbili. Stesheni ile ndipo Reli ya Juu na Reli ya Chini zinapokutana: shirika mbali, makao makuu mbali, kofia mbali, na baya kuliko yote, sheria mbali. Chuma kilikuwa kilekile na upana uleule, ila taa ya manjano ukiikuta Reli ya Juu, maana yake ni pita, punguza mwendo, taa ya mbele ni nyekundu. Ukiikuta Reli ya Chini, maana yake ni simama kabisa, piga honi, kisha tambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Bendera ya manjano, ile inayoshikwa mkononi taa ikifa, kila upande iliifuata taa ya kwao. Basi treni ikivuka makutano, dereva alitakiwa avue akili moja avae nyingine, na hapakuwa na kitabu kilichomwambia avae wapi.

Mama Manjano ndiye aliyempa pa kuvalia. Treni zote zilisimama pale kubadilisha karatasi, na dereva alipanda ngazi kuchukua kibali cha njia. Kibali kilikuwa mkononi mwa mama, na mkono haukufunguka mpaka dereva ajibu.

"Manjano?"

"Aa, mama, kila siku?"

"Jana ulikula na leo umekula. Manjano?"

"Rangi ya meno ya gadi wangu."

"Rudi kwenye treni yako ukalale. Huendi."

"Haya, haya! Nasimama, napiga honi, natambaa kama konokono mgonjwa."

"Chukua. Na gadi wako mtafutie mswaki."

Hilo ndilo lililompa jina, maana alilopewa na mama yake hata stesheni masta alikuwa ameshalisahau. Na hilo ndilo lililofanya miaka kumi na tisa ipite bila treni kukwaruzana pale makutano.

Kwa hiyo iliposemwa kwamba imeundwa tume ya kuzioanisha sheria za reli zote mbili ziwe sheria moja, wa kwanza kufurahi alikuwa yeye. Alichukua kalamu, akaandika kurasa tatu kwa mwandiko wake wa darasa la saba, mkubwa na ulionyooka, akaeleza madereva wanachanganya nini, wapi, na mvua ikinyesha inakuwaje. Akazituma. Hakujibiwa. Tume ilikuwa na watu kumi na mmoja, timu kamili ya mpira isiyo na mpira, nayo ilikaa miaka minne ikihama kutoka hoteli hii kwenda hoteli ile. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuweka kiatu chake kwenye zile ngazi kumi na saba.

Kitabu kilipotoka kilikuwa kizuri, jalada linateleza, picha ya wajumbe wote ukurasa wa kwanza wakitabasamu kama waliotoka kuvua samaki mkubwa. Mama Manjano alikaa nacho kwenye stuli, akisoma kwa kidole. Ukurasa wa kumi na nne alikubali kwa kichwa. Ukurasa wa thelathini na moja kidole kilisimama. Akarudi wa kumi na nne. Akaenda tena wa thelathini na moja. Kisha akashuka ngazi haraka kuliko magoti yalivyotaka.

Stesheni masta alikuwa ofisini kwake akipuliza chai. Alikuwa na umri wa mdogo wake wa mwisho Mama Manjano, mtu mpole, mwoga wa simu.

"Masta, soma hapa."

"Nimeshasoma, mama."

"Hujasoma. Soma. Taa ya manjano ni nini?"

"Pita, punguza mwendo. Ya Reli ya Juu hiyo."

"Na bendera ya manjano?"

Masta aliweka kikombe chini. "Simama kabisa, piga honi, tambaa."

"Ya Reli ya Chini hiyo. Kitabu kimoja, rangi moja. Taa ikiwa nzima nipite, taa ikifa nisimame?"

"Mama, huo ni muafaka. Walivutana mwaka mzima. Wa Juu hawataki kuacha yao, wa Chini hawataki kuacha yao. Mwishowe wakakubaliana: taa ziwe za Juu, bendera ziwe za Chini. Kila upande umepata chake."

"Wamegawana kama nyama buchani."

"Ndiyo kuelewana huko."

"Zamani dereva alichanganyikiwa akivuka mpaka tu," alisema Mama Manjano. "Sasa mmemchanganya nchi nzima. Wa Juu hajui bendera, wa Chini hajui taa. Watu kumi na mmoja! Miaka minne! Mimi nyumbani kwangu nikiwaachia watoto wawili wagombanie blanketi, hawalikati."

Masta alitazama mlango. "Punguza sauti. Alhamisi wanakuja kufanya zoezi hapahapa. Na fomu inakuja nao. Wewe ndiye wa kusaini."

"Fomu gani?"

Akamwonyesha nakala. Iliandikwa hivi: *Mimi, mhusika wa kibanda cha ishara cha makutano, nathibitisha kwamba sheria mpya zimejaribiwa mbele yangu, zimeeleweka na madereva, na ni salama kutumika. Nitawajibika kwa kauli hii.* Chini yake palikuwa na mstari wa jina na mstari wa saini. Sheria zingeanza Jumatatu. Bila fomu, zisingeanza.

Jioni ile alimkuta mdogo wake kibarazani anamsubiri, na sura yake imejaa habari njema. Mdogo wake alikuwa ameolewa na dereva wa Reli ya Chini, mtu wa ndevu nyingi na maneno machache, ambaye Mama Manjano alimpenda kwa sababu hiyo ya pili.

"Dada, umesikia? Shemeji yako ameambiwa atakuwa mkufunzi wa sheria mpya! Hapandi tena treni. Atalala nyumbani kila siku, dada. Kila siku! Sheria zikianza tu Jumatatu, barua yake iko tayari."

"Zikianza."

"Kwani zitaacha kuanza?"

Mama Manjano alimtazama mdogo wake, aliyelea watoto wanne na mume wa kuja na kuondoka. Akauliza kama kuna chai.

Alhamisi tume iliteremka kutoka kwenye magari sita. Wakatandaziwa kivuli cha turubai mwisho wa jukwaa, karibu na njia ya mchanga, ile reli fupi isiyokwenda popote, iliyofukiwa mchanga ili treni iliyoshindikana kusimama ikwamie humo. Walipachagua kwa sababu palikuwa na upepo. Hata kabla zoezi halijaanza, sahani zilishafunuliwa. Mama Manjano, akiwa juu dirishani, aliwaona wakimenya mayai na kutupa maganda relini. Mmoja alikilaza kitabu cha sheria mpya mapajani, akaweka paja la kuku juu yake ili asichafue suruali. Mafuta yakaenea polepole kwenye zile sura kumi na moja zilizotabasamu. Mama aligeuka akatazama ukutani.

Mwenyekiti, mtu mnene mwenye shingo ya kukunjika mara tatu, alisimama akasafisha meno kwa kijiti huku akihutubia. "Leo," alisema, "historia." Akatema kipande cha kuku. "Historia inaandikwa."

Zoezi lilikuwa la sehemu mbili. Kwanza shemeji aingie na kichwa cha treni cha Reli ya Chini, akute taa ya manjano, aipite taratibu kama sheria mpya inavyosema, aende kuegesha njia ya pembeni. Kisha taa zote zizimwe, kana kwamba zimeharibika, na dereva wa Reli ya Juu, kijana mkimya waliyemwita Mpole, aingie kutoka upande wa pili. Stesheni masta angemshikia bendera ya manjano, naye asimame kabisa. Wote wawili walifundishwa jana yake, saa moja na nusu, na chai katikati.

Shemeji akaja. Akaiona taa ya manjano. Akasimama kabisa, palepale chini ya taa, magurudumu yakilia, akapiga honi.

Turubai zima likapiga makofi.

"Amekosea!" Mama Manjano alipaza sauti dirishani. "Alitakiwa apite! Bado yuko njia kuu!"

"Safi sana!" Mwenyekiti alimjibu, akimpungia kijiti. "Nidhamu! Ya pili, ya pili, jua linapanda!" Na mtu wake mwenye simu akampigia Mpole aanze.

"Msimwite! Njia haijafunguka!"

Hawakumsikia, au walisikia sauti ya mwanamke wakadhani ni makelele. Fundi wa tume akazizima taa zote kutoka jukwaani. Kwa upande wa Juu, kichwa cha Mpole kilitokeza kwenye kona. Stesheni masta alisimama kwenye kokoto, ameinyoosha bendera ya manjano kwa mikono miwili, kama mtu anayeanika shuka.

Mpole akaiona bendera. Na miguu ya Mpole, iliyokanyaga breki za Reli ya Juu kwa miaka minane, ilifanya ilichofundishwa miaka minane, si ilichofundishwa jana kati ya chai na chai. Akapunguza mwendo, taratibu, kwa adabu, akapita. Alikuwa akiitafuta taa nyekundu ya mbele isimamishe safari yake. Taa nyekundu haikuwepo, zote zilikuwa zimezimwa. Kilichokuwepo ni kichwa cha shemeji, kimya, njia hiyohiyo, na shemeji ndani yake akijifuta jasho.

Mama Manjano hakukumbuka baadaye kwamba aliamua. Alikumbuka mkono wa chuma wa tano ulivyokuwa mzito, na kwamba aliuning'inia mzimamzima kama mtoto kwenye tawi. Ukaja. Reli ikageuka kwa kishindo, hatua ishirini mbele ya Mpole, na kichwa chake kikaiacha njia kuu, kikaingia kwenye mchanga, kikalima, kikanguruma, kikasimama mita nne kutoka kwenye turubai. Mchanga uliruka kama mvua ya mawe. Ulishuka kwenye mayai, kwenye kuku, kwenye soda, kwenye shingo yenye mikunjo mitatu.

Mpole alishuka mwenyewe, amejishika mdomo. Meno mawili ya mbele yalikuwa kiganjani mwake. Aliyatazama, akamtazama masta, akauliza kwa sauti ya mtu anayesinzia, "Nimekosea wapi?"

Mama Manjano alizishuka ngazi akampa kitambaa chake cha kichwani akandamize damu, akamkalisha kwenye boriti. Alipoinua uso alimwona mjumbe mmoja wa tume, yule wa paja la kuku. Alikuwa ameiokota ile bendera ya manjano ambayo masta aliiangusha, ameegemeza mguu kwenye kiti, na anafutia viatu vyake mchanga. Kiatu cha kulia kilikwisha. Akaigeuza bendera upande msafi, akaanza cha kushoto.

"Lete," alisema Mama Manjano.

"Subiri, mama, namalizia."

"Lete, kabla sijakupa kiatu hicho ukile."

Akaichukua. Kinyaa kilimshika, kinyaa chenyewe, kama cha mtu aliyekuta nywele kwenye uji. Na bado baya lenyewe lilikuwa halijaja. Nyuma yake alimsikia Mwenyekiti akimwandikisha karani taarifa, huku akikung'uta kola: "Andika. Dereva wa kwanza alisimama kwa nidhamu. Dereva wa pili alielekezwa salama na mitambo. Nukta. Njia ya mchanga nayo ilijaribiwa, ikaonekana inafanya kazi. Nukta. Zoezi limefanikiwa kwa asilimia tisini na tano."

"Na meno?" aliuliza Mama Manjano.

"Samahani?"

"Meno ya huyu mtoto wa watu. Yako kwenye zile tano zilizobaki?"

Mwenyekiti alimtazama kama anayetazama kiti kilichoongea. Kisha akacheka kwa upole mkubwa, akamtolea fomu. "Mama yetu shujaa! Bila wewe tungefanya nini? Saini tu hapa, tukuache upumzike."

Maneno matamu hayo aliyajua. Alimwambia ataisoma kwanza. Mwenyekiti akampa mpaka Jumamosi saa tatu asubuhi, na uso wake ulikuwa umeshaacha kucheka.

Ijumaa nyumba haikukalika. Mdogo wake alikuja na kilio.

"Dada, ni jina tu! Kalamu tu! Wenye elimu zao wameshakubaliana, wewe na darasa lako la saba unakataa kwa lipi? Au hutaki mume wangu alale kwangu?"

"Mume wako jana alibakiza dakika moja asilale tena popote."

"Si ulimwokoa?"

"Nilikuwepo. Jumatatu treni ni arobaini, za abiria. Nitauning'inia mkono upi?"

"Wataandika wengine majina yao, zitaanza hivyohivyo, na wewe utakuwa umefukuzwa bure! Dada, naomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Hilo lilikuwa kweli, na liliuma. Mama Manjano alitazama kwa shemeji yake, aliyekaa pembeni na kofia magotini.

"Na wewe, shemeji? Ndiyo kazi yako inayozungumzwa."

Shemeji alikuna ndevu. "Waliniambia nitawafundisha wenzangu," alisema. "Nitawafundisha nini? Mimi nilijua ni kupita. Nilikariri usiku kucha. Nilipoiona taa, mguu ulisimama wenyewe." Akaigeuza kofia. "Miaka ishirini na mbili mguu huo. Hauwezi kuambiwa na kitabu."

Mke wake alimtazama kama aliyemwagiwa maji, akanyanyuka, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi saa tatu ofisi ya masta ilijaa: Mwenyekiti, karani wake, yule wa viatu, na bosi wa ishara kutoka makao makuu ya Reli ya Juu na mwenzake wa Reli ya Chini. Fomu ilikuwa mezani, na kalamu juu yake, kofia yake imeshafunguliwa.

"Sisaini," alisema Mama Manjano. "Imeandikwa zimeeleweka na madereva. Hazikueleweka. Imeandikwa ni salama. Niliona damu. Mkitaka nitaandika nilichoona."

"Mama," alisema Mwenyekiti, "unajua kwamba kibanda si mali yako?"

"Najua. Ningekuwa na mali kama hiyo nisingewaruhusu mle mayai mbele yake."

"Tunaweza kukuhamisha leo hii. Fomu atasaini mwingine."

"Asaini. Kalamu hiyo hapo."

Akarudi nyuma hatua moja, akafunga mikono. Mwenyekiti akaisukuma fomu kwa stesheni masta. Masta aliikamata kalamu, akaanza kuandika jina lake, akafika kwenye herufi ya pili. Jicho lake likashuka hadi kwenye maneno *nitawajibika kwa kauli hii*. Akaweka kalamu chini taratibu, kana kwamba inaunguza. "Mimi si mtu wa kibanda," alisema. "Mimi ni wa jukwaa."

Bosi wa Reli ya Juu alisema bendera si zake, hawezi kuzisemea. Bosi wa Reli ya Chini alisema taa si zake. Yule wa viatu alikumbuka kwamba yeye ni mjumbe wa upande wa mawasiliano. Karani alitazama dari. Kalamu ilizunguka meza nzima, ikarudi kwa Mwenyekiti.

"Mimi," alisema Mwenyekiti, akiirudishia kalamu kofia yake, "mimi si mtaalamu wa ishara."

Wote walijua kitabu hakifai. Hapo ndipo Mama Manjano alipoelewa, na kinyaa cha Alhamisi kikawa si kitu. Wajinga ungewasamehe. Hawa hakuna hata mmoja aliyekiamini kitabu kile kiasi cha kukiwekea jina, na wote waliridhia liwekwe la kwake. Aliwatazama mmoja mmoja, wanaume sita waliovaa vizuri, walionawa, wanaonukia, akaona hakuna hata mmoja ambaye yeye angempa mkono bila kwenda kunawa baadaye.

"Nina treni saa nne kasoro kumi," alisema, akatoka.

Jumatatu sheria mpya hazikuanza. Haikusemwa ni kwa nini. Lilibandikwa tangazo kwamba tume itaendelea na utafiti, na wajumbe watakutana tena mahali patakapotajwa, pamoja na wenzi wao. Ukufunzi wa shemeji uliyeyuka. Mdogo wake alipitisha wiki tatu bila kumsalimia dada yake, wiki ya nne akamtumia bakuli la maharage kupitia kwa jirani, bila salamu.

Yeye Mama Manjano barua yake ya uhamisho ilimfikia Jumamosi ileile kabla ya saa sita mchana: kutoka kibandani kwenda stoo ya misumari na mataruma ya kulazia reli, kuanzia mara moja, kwa manufaa ya shirika. Aliisoma kwa kidole mpaka chini. Hiyo haikukosa watu. Ilikuwa na majina matatu kamili, saini tatu, na mihuri miwili.